Anayepekuliwa Kila Jioni

Kama kulikuwa na mtu asiyejua kwamba Obed Luhende anampenda Evodia, basi mtu huyo alikuwa hanunui sabuni Sumbawanga.

Tangu Kilele Stores ifungue duka lake kubwa pale barabara kuu, kijana huyo alikuwa akipanda basi kutoka Laela, anaingia dukani, anachukua kipande kimoja cha sabuni, kisha anakwenda kujipanga kwenye foleni ya Evodia. Foleni nyingine ziwe tupu, makeshia wengine wamwite na kumpungia mikono, yeye hasikii. Anasimama palepale na kipande chake, mtu mzima mwenye mashine yake ya kusaga nafaka, mpole kama mtoto anayesubiri uji. Makeshia walikwisha kumbatiza jina, Bwana Sabuni, na jina lilimkaa.

"Obed," Evodia alimwuliza siku moja mbele ya watu, "kwenu Laela sabuni mnakula?"

"Tunaoga, Evodia. Tunaoga sana."

Foleni nzima ilicheka. Obed aliinamisha kichwa, lakini macho yake aliyaacha juu, yakimtazama yule binti wa mtaa wa Izia mwenye sare ya manjano, na Evodia alijikuta amebonyeza namba isiyo yake kwenye mashine. Hakuwahi kukosea kabla ya hapo. Tangu siku ile hakujidanganya tena: alimpenda, na alijua amempenda, na hakuona aibu.

Kazi nayo aliipenda. Kilele ilikuwa kampuni kubwa, yenye maduka tangu Iringa hadi Tunduma, na makao yake makuu Mbeya. Kila duka lilipangwa sawasawa, sabuni upande ule ule, betri upande ule ule, na lebo zote zikitazama nje. Duka lilipofunguliwa Sumbawanga watu waliliogopa. Walikuwa wamezoea kaunta, mwuzaji yuko ndani na wewe uko nje, unanyoosha kidole unapewa. Hapa waliambiwa waingie, washike, wachague wenyewe. Kina mama walisimama mlangoni wakipiga hodi. Mzee mmoja wa Matai alibeba birika hadi kwa Evodia akaomba radhi kwa kuligusa. Evodia ndiye aliyekuwa akitoka kuwashika mkono na kuwatembeza. Nusu ya mji alikuwa ameifundisha yeye kununua, na alijua hivyo, na kichwa chake alikibeba kwa namna ya mtu anayejua hivyo.

Jambo moja tu la kazi ile hakulisema nyumbani kwa haraka. Kila jioni, kabla ya kutoka, wafanyakazi wote walijipanga kwenye mlango wa pembeni unaotazama barabara. Sare yao haikuwa na mfuko hata mmoja, kwa makusudi. Mmoja mmoja aliinua mikono juu, akapapaswa kuanzia mabegani hadi kwenye vifundo vya miguu, mkoba ukafunguliwa, viatu vikavuliwa na kukung'utwa. Wanawake walipekuliwa na Mama Dominika, wanaume na mlinzi Marselino. Wapita njia waliona kila kitu. Wiki ya kwanza Evodia alilia chooni. Wiki zilizofuata alikunja uso. Baadaye alizoea, na alipozoea alianza utani wake.

"Mama Dominika, leo nimeiba friji. Litafute vizuri."

"Lingekuwa friji ungekuwa umenenepa, mwanangu. Pita, nenda ukale."

Na wote wawili walicheka, kila mmoja akaenda zake.

Jumamosi moja Obed alifika dukani bila kuchukua sabuni. Hapo hapo Evodia alijua mambo si mazuri. Alisubiri mapumziko ya mchana, akamfuata nyuma ya duka, wakakaa juu ya kreti tupu za soda. Ilikuwa majira ya baridi, na upepo wa Ufipa ulikuwa ukipita katikati yao kana kwamba umetumwa kuwatenganisha.

"Sema," Evodia alisema. "Usinizungushe."

"Baba amekataa."

"Amekataa nini? Si alikwisha kukubali? Si ulisema mshenga anakuja baada ya kuvuna ulezi?"

"Alikubali. Alhamisi alikuja mjini kukuona. Unajua wazee wetu, anataka kumwona binti bila binti kujua. Akasimama pale ng'ambo ya barabara, jioni, mnatoka. Akakuona umeinua mikono, unapekuliwa."

Evodia alicheka.

"Ndilo hilo tu? Si ungemweleza?"

"Evodia, kwetu mtu anayepekuliwa hadharani ni mtu aliyekamatwa. Na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba ulikuwa unacheka. Anasema mwizi wa kawaida akikamatwa analia. Anayecheka ni mzoefu."

Kicheko kilimkauka mdomoni. Alimwona yule mzee moyoni mwake, mfugaji mwenye zizi kubwa kuliko yote upande ule wa Laela, akirudi kwenye basi na kusimulia nyumbani kwamba mwanawe anataka kuoa mwizi. Uso ulimwaka moto pamoja na baridi yote ile.

"Na wewe ulimwambiaje?"

Obed aliangalia viatu vyake.

"Nakuuliza, Obed. Baba yako amesema mimi ni mwizi. Wewe ulikuwa umekaa hapo. Ulimwambiaje?"

"Nilinyamaza. Yule ni baba yangu. Sijawahi kumpinga tangu nizaliwe."

"Ukanyamaza."

"Nikatafuta njia. Sikiliza, amelainika kidogo. Amesema ukiacha kazi hii, atafikiri tena. Uache tu, Evodia, hata kwa muda. Tukishaoana utakaa Laela, mashine ipo, kuna kazi nyingi, hutapungukiwa na kitu. Ng'ombe watatoka, mama yako ataheshimika, mambo yatakwisha."

Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, na siku nyingine yoyote sauti ile ingemlegeza. Siku hiyo ilimwuma. Evodia aliinuka, akajikung'uta vumbi kwenye sare.

"Nakupenda," alisema. "Nalisema wazi ili usije ukasema sikukuambia. Ila kazi siachi. Nikiacha leo, baba yako ataamini mpaka anaingia kaburini kwamba nilifukuzwa kwa wizi. Na watoto wetu watakuja kuambiwa na babu yao."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Mlete. Asisimame ng'ambo ya barabara, aingie ndani, aone."

"Huwezi kumwita mzee kama unavyomwita mteja!"

"Basi mwambie binti anamwomba kwa heshima. Lakini mwambie wewe, kwa mdomo wako. Rudi Laela. Ukiupata huo mdomo, njoo naye. Ukiukosa, usihangaike na nauli. Sabuni zinauzwa hata Laela."

Aliondoka bila kugeuka. Alirudi kwenye mashine yake, akatabasamu, akasema "Karibu Kilele" kwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na hakuna aliyegundua kitu. Hiyo nayo ilikuwa kazi, na aliijua vizuri.

Siku zikapita, Obed hakuonekana. Nyumbani Izia mama yake, Silvana, alimtazama akichezea ugali akaelewa bila kuambiwa.

"Huyo kijana hana sauti," Silvana alisema. "Nilikwambia. Mpole sana. Na hao wafugaji wametoka mbali, watakwenda kukuchungisha ng'ombe bondeni na shule yako yote."

"Mama, sauti anayo. Hajaitumia tu."

"Ataitumia lini, nikiwa mzee?"

Evodia alisogeza sahani kando. Alimtetea kwa mdomo, lakini dukani, kila mteja alipoweka kipande cha sabuni mbele yake, moyo ulimruka, na alipoinua macho akakuta si yeye, moyo ulirudi mahali pake umechoka. Alimkumbuka hata katika mambo ya kipuuzi: namna alivyonukia unga, namna alivyokunja noti kabla ya kuitoa. Angeweza kuandika barua kuomba kuacha kazi ikaisha. Hakuiandika. Alijua kwamba mwanamke anayeingia katika nyumba ya watu akiwa ameinama kwa kosa la uongo haruhusiwi kunyooka tena.

Kisha, jioni moja yenye upepo, zogo lilizuka mlangoni.

"Mzee, fimbo inabaki hapa pamoja na mizigo," Marselino alikuwa akisema. "Ukitoka unapewa."

"Fimbo yangu haijawahi kubaki na mtu," alijibu mzee mmoja mrefu mwenye koti zito na makubazi ya tairi. "Mimi sikuja kupiga mtu. Nimekuja kutazama."

Nyuma yake alisimama Obed. Mkononi hakuwa na sabuni wala kitu. Macho yake yalivuka rafu zote yakamfikia Evodia, na safari hii hayakuinama. Evodia aliyasoma yote aliyotaka kuyajua. Obed alikuwa ameupata mdomo.

"Marselino," aliita kwa sauti ya kawaida, "mwache baba apite na fimbo yake. Nitawajibika mimi."

Meneja, Bwana Leonardi, aliinua kichwa kutoka kwenye rafu ya betri. Alimtazama Evodia, akamtazama mzee, akarudi kwenye betri zake. Mzee Luhende alipita, fimbo mkononi, akaja moja kwa moja hadi mbele ya mashine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Ningekuwa nyumbani ningepiga magoti. Hapa foleni ikiwapo sheria ya kazi hainiruhusu kuinuka mpaka nifunge mashine. Naomba ukae pale kwenye mablanketi, unisubiri. Nikimaliza mimi ni wako, uniulize lolote."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, labda akingoja ababaike. Evodia hakubabaika. Mwishowe mzee akaenda kukaa juu ya robota la mablanketi, fimbo katikati ya magoti, kama mtu aliyekuja mnadani na hana haraka ya kununua.

Kazi ikaendelea. Mfanyabiashara mmoja wa kike kutoka Kabwe, mwanamke mnene mwenye vitenge viwili na sauti ya watu wa ziwani, alitua chupa ya chai mbele ya Evodia.

"Nipunguzie, mdogo wangu."

"Dada yangu, hapa bei imeandikwa. Hata mimi nikitaka chupa hii nalipa hiyo hiyo."

"Basi niongezee kitu. Hata kiberiti! Kabwe mtu akinunua samaki wangu namwongezea dagaa."

"Kiberiti si changu, dada. Vitu vyote humu si vyangu. Changu ni mdomo tu. Nikuongezee maneno mazuri?"

"Nipe!"

"Kitenge hicho kimekupendeza mpaka nimesahau umenunua nini."

Mwanamke yule alicheka hadi akashika meza, akalipa, akaondoka akiwasimulia wote aliopishana nao. Kutoka kwenye mablanketi ilisikika sauti ya kooni, fupi. Evodia hakugeuka kuthibitisha kama ilikuwa kikohozi.

Saa ya kufunga ilifika. Wateja walitoka kwa mlango mkubwa, mashine zikafungwa, wafanyakazi wakajipanga mlango wa pembeni. Evodia alimwendea mzee, akapiga magoti palepale sakafuni mbele ya wenzake wote, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, kama mabinti wa Kifipa wanavyosalimia wakubwa. Hakulifanya kwa hofu. Alilifanya kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha na adabu ilikuwa na zamu yake.

"Sasa nimemaliza, baba. Siku ile ulisimama mbali. Leo njoo karibu."

Akamwongoza hadi mlangoni. Wa kwanza katika foleni alikuwa Bwana Leonardi mwenyewe. Alivua koti, akainua mikono, Marselino akampapasa mbavu, akamvua viatu, akavikung'uta.

Mzee Luhende alishika fimbo kwa mikono miwili. "Huyu si ndiye mkubwa wenu?"

"Ndiye, baba."

"Na yeye ameiba?"

"Hajaiba. Hakuna aliyeiba."

"Sasa mbona..." Hakumaliza. Walipita wawili, watatu, kila mmoja mikono juu, kila mmoja akiaga "kesho jamani". Ilipofika zamu ya Evodia, alitoa mkoba wake, akavua viatu, akainua mikono. Mama Dominika, ambaye siku zote hakukosa neno, siku hiyo alimpekua kimya kabisa, machozi yakimlengalenga, maana habari ile wote waliijua.

"Pita, mwanangu."

Evodia alivaa viatu. Akageuka.

"Baba, niliambiwa ulichosema. Sikulaumu. Mimi mwenyewe wiki ya kwanza nililia, niliona nimevuliwa nguo mbele ya mji. Lakini fikiria. Humu ndani kuna vitu vya kila namna. Kesho asubuhi kikikosekana kimoja, watatafuta wa kumnyooshea kidole. Kwangu kidole hakifiki. Kila jioni natoka hapa msafi, mbele ya barabara nzima, na mashahidi wapo. Niambie, baba, ni mabinti wangapi mji huu wanaoweza kuthibitisha hivyo kila siku? Ulisema ulimwona mwizi anayecheka. Ulimwona mtu ambaye hana cha kuficha."

Marselino alisahau kufunga komeo. Obed alitoka nyuma ya baba yake akaja kusimama kando ya Evodia, karibu kiasi cha mkono kugusa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

"Ndivyo nilivyokuambia, baba," alisema. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia. "Na nililosema lingine halijabadilika."

"Lipi?" Evodia alinong'ona.

Mzee ndiye aliyejibu, na alijibu kwa sauti ya mtu anayeshtaki. "Huyu mtoto tangu azaliwe hajawahi kunijibu. Nikimwambia chunga, anachunga. Juzi nimemwambia mwache huyo binti, amesimama, ndiyo, amesimama! Ananiambia anahamisha mashine yake kutoka Laela anaileta hapa Izia, ili mke wake asiache kazi. Mashine inamfuata mwanamke! Nikalala sikupata usingizi. Nikasema lazima nimtazame mwanamke anayeweza kumpa mwanangu mdomo."

Evodia alimgeukia Obed. Alitaka kumwambia neno zuri kama yale aliyowagawia wateja kutwa nzima, hakulipata. Akamshika mkono, basi. Kiganja kilikuwa na sugu na kilikuwa cha moto, nacho kilimshika kwa nguvu.

Mzee Luhende aliwatazama wale wawili. Kisha akafanya jambo ambalo Kilele Stores, tangu Iringa hadi Tunduma, haikuwahi kuliona. Alimpa Obed fimbo yake, ile isiyobaki na mtu. Akavua koti. Akavua makubazi, akayapanga vizuri kando ya mlango. Akasogea mbele ya Mama Dominika, akainua mikono yake mirefu juu.

"Nipekue."

"Mungu wangu, mzee!" Mama Dominika aliruka nyuma. "Wateja hatuwapekui! Na mimi ni wa wanawake!"

"Mimi si mteja. Sijanunua kitu. Mkamwana wangu anapekuliwa, na mimi nipekuliwe. Nani wa wanaume hapa?"

Marselino alimtazama Bwana Leonardi. Bwana Leonardi, akiwa bado na soksi tu miguuni, aliitikia kwa kichwa. Basi Marselino akampapasa mzee yule kwa heshima kubwa, mabega, mbavu, magoti, akiomba radhi kila alipogusa, na ng'ambo ya barabara watu wakaanza kusimama. Mzee hakuwajali. Alisimama wima, kidevu juu, na hapo ndipo Evodia alipoona Obed alirithi wapi yale macho.

"Umeona kitu?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee. Tumbaku yako tu."

"Sema kwa nguvu, wale kule wasikie."

"Hana kitu!" Marselino alipaza sauti. "Mzee ni msafi!"

"Wabeja," mzee alishukuru kwa Kisukuma, ametosheka, akaanza kuvaa koti lake. "Mshenga atafika Izia Jumapili baada ya misa. Ng'ombe wapo, wamenona. Ila mwambie mama yako, nami nikija, asinipekue mlangoni kwake."

Evodia alicheka huku machozi yakimshuka, na hakuyafuta. "Kwetu hapekuliwi anayeingia, baba. Anapekuliwa anayetoka."

Mzee Luhende alichukua fimbo yake. Alimtazama binti yule wa sare ya manjano, aliyesimama ameshikana mkono na mwanawe mbele ya mji mzima, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Basi mama yako ajiandae kukupekua vizuri," alisema, "maana wewe ndiye unayetoka, na hutarudi."